Kabla Hujanunua Saa ya Zamani ya Kuvalia Suti

Wenzangu wapenda saa hushindania ukubwa: saa za wapiga mbizi, nzito kama kufuli. Mimi niliangukia upande wa pili. Yangu ni Omega De Ville, saa ya Kiswisi ya miaka ya 1960, ya kutia ufunguo, kipenyo chake hakifiki milimita 35. Haina tarehe wala mshale wa sekunde. Mashine yake, namba 620, ina unene wa milimita 2.5 tu, ndiyo maana mkono wa shati unaipita bila kukwama. Kila asubuhi naitia ufunguo chai ikichemka. Sitaki saa iniulize zaidi ya hapo.

Ila mapenzi haya yaliniumiza mapema. Nilipoinunua ilikuwa inachelewa, nikampelekea fundi. Akachukua kisu, akatafuta mdomo wa mfuniko wa nyuma. Hakuna. Akabana, akazungusha, akabana tena. De Ville nyingi za wakati ule hazina mfuniko wa nyuma kabisa: kasha ni kipande kimoja, na mashine hutolewa kwa mbele, baada ya kung'oa kioo cha plastiki. Hata kijiti cha ufunguo kina vipande viwili, ili kiachie mashine itoke. Siku hizi kabla sijamkabidhi mtu saa namuuliza, "Utaifunguaje?" Akijibu kwa kushika kisu, naaga.

Kwenye kununua, macho yangu huenda kwenye uso wa saa kwanza. Wauzaji husifu "inang'aa kama mpya", nami hapo ndipo ninapoanza wasiwasi. Uso wa miaka sitini usio na doa huenda umepakwa rangi upya. Chukua lenzi: herufi zimenenepa? Vistari vya dakika vimepinda? Maneno "Swiss Made" kule chini kwenye alama ya namba 6 yamefutika? Iache. Mimi nachagua uso uliopauka kidogo lakini wa kiwandani. Mkanda usikusumbue, huo hubadilishwa.

Na usinawe nayo. Hata kama nyuma imeandikwa kwamba inazuia maji, hiyo ilikuwa ahadi ya siku ilipotoka kiwandani.

Mikwaruzo ya kile kisu bado ipo mgongoni. Nimeshauriwa mara kadhaa niipeleke ikasuguliwe; nakataa, maana dhahabu yake ni ya kupaka, na msasa hauchagui.