Jibu kwa dada aliyeuliza kama mdogo wake akubali kazi ya lori la Kongo

Dada, umeeleza kwamba mdogo wako ana miaka 29, anaendesha Fuso la kubeba mchanga na kokoto hapa Dar es Salaam, na sasa tajiri mmoja mwenye malori ya Kongo amemwahidi mshahara unaozidi mara mbili ule anaoupata leo. Umeuliza mambo mawili: kama madereva wa masafa marefu wanairidhia kazi yao, na kwa nini wengi huhama kutoka kwa tajiri mmoja kwenda kwa mwingine kila baada ya mwaka au miaka miwili. Nimeendesha semitrela kati ya Dar es Salaam na Katanga, kusini mwa Kongo, kwa miaka 14, chini ya matajiri watatu, na maswali yako yote mawili nayajibu kwa neno moja: kusubiri. Mshahara aliotajiwa mdogo wako haumwelezi chochote mpaka ajue ni nani anayezilipia siku ambazo gari limesimama.

Nianze na uzuri wa kazi, maana upo. Kuendesha gari kubwa ni ufundi, na anayeuweza huupenda. Ukiwa unarudi na shaba, zaidi ya tani 30 mgongoni, ukafika juu ya mlima Kitonga alfajiri kabla mabasi hayajaanza kukusukuma kwa honi, unaingiza gia nzito ukiwa bado kileleni, kwa sababu ukichelewa ukaanza kuitafuta katikati ya mteremko huenda usiipate tena. Kuanzia hapo kazi ni kulisikiliza gari: unaiacha injini ishike uzito, breki unaigusa na kuiachia ipumue, kona kwa kona. Ukifika Ruaha Mbuyuni unashuka, unalizunguka trela lote ukisogeza kiganja karibu na ngoma za breki za magurudumu, moja baada ya nyingine. Zikiwa na uvuguvugu tu, umeshuka vizuri. Zikiwa zinanuka, umeshuka kwa bahati. Hakuna aliyekusimamia pale na hakuna atakayekupongeza, lakini raha ya kiganja kile kilichokuta ngoma baridi haijanipungua hata leo.

Sasa tufanye hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kama kilomita 930. Ukivuka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, ukapita Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, jumla inakaribia kilomita 2,000. Dereva anayelala usiku na kuendesha mchana huzimaliza kwa siku tano au sita, kwa hiyo kwenda na kurudi ni siku kumi hadi kumi na mbili za usukani. Hata hivyo, katika miaka yangu yote sikuwahi kumaliza safari chini ya siku 20, na safari za siku 30 nimezizoea. Siku hizo nyingine unasubiri kupakia bandarini, unasubiri zamu ya mizani Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba, unasubiri nyaraka mpakani, unasubiri kushusha mgodini, kisha unasubiri ofisi ikutafutie mzigo wa kurudia. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kimetupunguzia usumbufu na nakishukuru. Lakini mtandao wa forodha ukikwama nusu siku, foleni hurudi kama ilivyokuwa.

Matajiri wengi hulipa mshahara mdogo wa mwezi, halafu posho kwa kila safari. Posho hiyo hupangwa kwa siku ambazo safari ingepaswa kuchukua, nazo hupangwa na mtu aliye ofisini. Ukipewa posho ya siku 15 na safari ikachukua 30, umekatwa nusu bila mtu yeyote kukuandikia barua ya kukukata. Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya korona, nilikuwa upande wa Tunduma na kontena mbili. Ofisi ilinipigia kila asubuhi kuuliza kama mzigo uko salama. Posho yangu ilikuwa imekwisha siku ya tatu, na nilikula kwa kukopa kwa mama ntilie ambaye nilimlipa safari iliyofuata.

Nieleze foleni ya Kasumbalesa kwa ajili ya asiyeiona. Kuanzia asubuhi hadi jioni gari linaweza kusogea urefu wa malori sita. Huwezi kuondoka, kwa kuwa aliye mbele akisogea nawe haupo, wa nyuma anaingia. Usiku huwezi kulala usingizi wa kweli, kwa kuwa kuna watu wanaonyonya mafuta kwenye tangi na wengine wanaochana turubai kwa wembe. Maji unanunua kwa dumu. Unapika kwenye jiko lililo ndani ya sanduku ubavuni mwa trela, na choo ni vichaka ambavyo madereva wengine mia kadhaa wamevitumia kabla yako. Mimi natumia dawa za shinikizo la damu. Safari moja nilibeba vidonge vya siku 25, nikaamini vinatosha na kubaki. Siku ya 22 tulikuwa bado foleni kwenda, kabla hata ya kushusha, ndipo nikaanza kukata kidonge katikati kwa kisu cha vitunguu ili kimoja kiwe cha siku mbili. Mwenzangu kutoka Mombasa alinilindia gari siku ya 26 nikatembea kutafuta duka la dawa, nikakuta aina nyingine, nikainunua hiyohiyo. Nilipopimwa Mbeya wakati wa kurudi, mganga aliniuliza nimefikaje pale nikiwa naendesha.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba siku hizo za kusimama zina fedha. Mikataba mingi kati ya mwenye lori na mwenye mzigo huweka siku za bure za kusubiri, na zikipita, mwenye mzigo hulipa kila siku gari linapokaa. Tajiri wangu wa pili alikuwa akilipwa fedha hiyo. Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisainiwa karatasi za tarehe ya kufika na tarehe ya kushusha, ambazo ofisi ilizitumia kudai. Nilipouliza kama dereva ana fungu lake, niliambiwa kwamba kusubiri si kazi. Niliacha mwaka huohuo, na madereva wengine watatu waliniambia wameondoka kwa sababu ileile, ingawa ofisini waliandika kwamba wana matatizo ya kifamilia.

Kusubiri bila malipo pia kunaua. Dereva anayelipwa kwa safari, akipoteza siku tisa mpakani, atajaribu kuzirudisha barabarani, maana safari inayofuata ndiyo karo ya mtoto. Ataendesha usiku kutoka Serenje hadi Mpika akipigana na usingizi, atapita mbuga ya Mikumi, ambako barabara inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, kwa mwendo ambao hauwezi kusimama nyati akiingia njiani. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe na ninakiri. Trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo anaona mwendo tu. Siku tisa zilizouzaa mwendo huo hazionekani kwenye tochi.

Tajiri wangu wa tatu, ambaye bado niko naye, si mkarimu kuliko wengine, na mshahara wake wa mwezi ni mdogo kuliko wa yule wa pili. Tofauti ni kifungu kimoja cha mkataba: gari likisimama kwa sababu isiyo ya dereva, kuanzia siku ya nne dereva analipwa posho ya kila siku mpaka gari liondoke. Kifungu hicho kilibadilisha hata namna ninavyoendesha. Nalala Mafinga au Makambako bila kuangalia saa, na napumzika Chinsali mchana nikichoka. Cha kushangaza, ofisi nayo ilibadilika, kwani tangu kukaa kwetu kuanze kuwagharimu, nyaraka hutumwa mapema na wakala wa forodha anapigiwa simu kabla sijafika.

Kuhusu sheria, mdogo wako asiingie gizani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, inaweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na inatoa likizo ya mwaka ya siku 28. Madereva wa mabasi na malori walipogoma Aprili 10, 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai makuu, kwa sababu wengi tulikuwa tunafanya kazi kwa neno la mdomo. Tangu hapo karatasi zimeongezeka, lakini nimeona mikataba ya ukurasa mmoja ambayo dereva hapewi hata nakala. Mtu asiye na nakala akiachishwa kazi hufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, mikono mitupu, na siku za kufungua shauri la kuachishwa ni 30 tu.

Makato ndiyo mlango mwingine wa kuumizwa. Ofisi hukupangia lita za safari nzima, lakini gari linalowashwa na kuzimwa foleni siku kumi linakunywa mafuta ambayo hayamo kwenye hesabu yao, na upungufu unakatwa kwako. Wapo madereva wanaouza mafuta, sitawatetea. Wao ndio wanaofanya sisi wengine tusiaminiwe. Lakini sheria hiyohiyo hairuhusu kukata mshahara kwa hasara bila dereva kukubali kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujieleza, na makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya malipo yake. Mimi huandika kwenye daftari kilomita na saa za injini kila jioni, na daftari hilo limeniokoa mara mbili.

Kwa hiyo, asikatae kazi hii kwa kuogopa barabara. Barabara ataizoea, na kama ana mkono mtulivu ataipenda. Kabla hajasaini, ahakikishe anachangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwamba tajiri amesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, aombe nakala ya mkataba wake, kisha amuulize tajiri uso kwa uso: gari likikaa Kasumbalesa siku kumi na mbili, mimi nalipwa nini? Akijibiwa kwa kiasi cha fedha na siku kinapoanza, aombe kiandikwe na akaanze kazi. Akiambiwa kwamba huko mtaelewana tu, abaki na Fuso lake mpaka apate tajiri mwingine. Wapo, na kila mwaka wanaongezeka kidogo, kwa sababu madereva wazuri wameanza kuuliza swali hilo kabla ya kuuliza mshahara.