Kabla Hujagawa Dodoso la Tasnifu ya Saikolojia

Tasnifu ya uzamili au uzamivu wa saikolojia huweza kuharibika kabla mshiriki wa kwanza hajashika kalamu. Mwanafunzi hukimbilia data akiamini takwimu zitanyoosha kilichopinda mwanzoni. Hazinyooshi, na ukishakusanya huwezi kurudi nyuma.

Anza na swali. "Athari za usingizi kwa wanafunzi" ni mada tu, bado si swali la utafiti. Swali ni hili: je, saa ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analala kwa usiku zinahusiana na alama zake za sonona? Hapo unajua unampima nani, unapima nini, na utahitaji uchambuzi gani. Angalia pia kwamba neno "athari" limeondoka. Dodoso linalojazwa mara moja halionyeshi chanzo, kwa sababu sonona nayo hunyima watu usingizi. Na tafadhali usiwagawe washiriki kuwa "wanaolala kidogo" na "wanaolala sana." Saa 5 na saa 2 zikitiwa kapu moja, umetupa taarifa uliyoihangaikia.

Idadi ya washiriki haichaguliwi kwa kuangalia tasnifu ya mwenzako. Inakokotolewa. Ukitaka nafasi ya asilimia 80 ya kuuona uhusiano uliopo, kwa kiwango cha 0.05 cha pande mbili (yaani unakubali hatari ya asilimia 5 ya kuona uhusiano usiokuwepo, uwe chanya au hasi), uwiano wa 0.3 unadai watu wapatao 85. Uwiano hapa ni namba inayoonyesha nguvu ya uhusiano: 0 ni hakuna, 1 ni kamili. Uwiano wa 0.2 unadai 194 hivi, na wa 0.1 unakaribia 780. Programu ya bure ya G*Power itakupa hesabu hiyo kwa dakika chache. Kazi ngumu ni kukadiria uwiano wenyewe. Tafiti zilizochapishwa huelekea kuukuza: mwaka 2015 watafiti waliporudia tafiti 100 za saikolojia, matokeo yenye umuhimu wa kitakwimu yalishuka kutoka asilimia 97 hadi 36, na ukubwa wa athari ukawa karibu nusu ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo makala ikisema 0.3, panga kwa 0.2. Kisha ongeza watakaoacha maswali wazi. Ukitarajia kupoteza asilimia 15, gawa 194 kwa 0.85, upate 229.

Sasa kipimo, na hapa usiwe na haraka. Usitunge dodoso jipya kama lipo lililokwisha kupimwa, maana kutunga kipimo ni tasnifu nzima peke yake. PHQ-9, kwa mfano, dodoso fupi la kupima sonona, ina vipengele 9, kila kimoja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na alama 10 ndiyo mpaka unaotumika zaidi. Ikibidi kutafsiri dodoso, watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, matoleo yaunganishwe, halafu wa tatu ambaye hajaona asili alirudishe kwenye lugha ya kwanza. Hilo pekee halitoshi. "Kujisikia chini" hurudi salama kabisa kwenye Kiingereza kama "feeling down," ilhali msomaji wa Kiswahili hajui umemuuliza nini. Kaa na watu 5 hadi 10 wa aina ya washiriki wako, wasomee kila swali, wakueleze kwa maneno yao wamelielewaje. Hapo ndipo tafsiri mbovu hujianika.

Chunga maswali yaliyogeuzwa. Kipimo cha Rosenberg cha kujithamini kina kauli 10, na 5 kati yake zinamsema mtu vibaya. Ukitumia alama 1 hadi 4, kila jibu la kauli hizo litolewe kwenye 5, ili 1 iwe 4 na 2 iwe 3. Ukisahau, alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha jinsi majibu ya maswali ya kipimo yanavyokwenda pamoja) huporomoka, pengine hata kuwa hasi, nawe utalaumu washiriki bure. Fanya ugeuzaji kwa amri zilizoandikwa ndani ya programu ya takwimu kama R au SPSS, na faili ghafi usiliguse kamwe. Alfa ikizidi 0.70 usishangilie mapema pia: hupanda maswali yakiongezeka, na haithibitishi kwamba kipimo kinapima kitu kimoja.

Kabla ya kumwona msimamizi, chora majedwali ya matokeo yakiwa matupu. Safu usiyojua itajazwa na swali gani inaonyesha pengo katika mpango wako. Mpango huo uusajili hadharani kabla ya kukusanya data.

Kuhusu kamati ya maadili, fomu ya ridhaa haimalizi kazi. Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiuliza, umebeba wajibu. Andika katika ombi lako nani atasoma majibu, siku ileile au lini, na atakayepata alama 1 au zaidi kwenye swali hilo atafikishwa kwa nani. Dodoso la mtandaoni lisilo na majina halikupi njia ya kumfikia mtu huyo hata ukiona jibu lake. Basi weka mawasiliano ya msaada kwenye ukurasa ambao kila mshiriki ataupitia, au tumia PHQ-8, iliyoondolewa swali hilo na yenye mpaka uleule wa alama 10.