Kabaila juu ya farasi: jibu kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, sisi hatujambo. Umeniuliza kwa nini namsifu Pierre Jonquères d'Oriola, mpanda farasi na kabaila wa Kifaransa ambaye ukoo wake ulimiliki mashamba ya mizabibu karibu na Perpignan. Unasema medali zake ni za farasi wa bei mbaya, si zake.

Nusu nakukubalia. Asiye na mali hasogei hata kwenye zizi la farasi wa mashindano. Na ubaguzi ulikuwa wa wazi: hadi Olimpiki ya 1948, wapanda farasi walikuwa maofisa wa jeshi na waungwana tu. Msweden Gehnäll Persson alikuwa sajini. Wakubwa zake wakampa uofisa ili aruhusiwe kushiriki, timu yake ikachukua dhahabu katika kumwendesha farasi kwa madaha, kisha wakamrudisha usajini. Mambo yalipobainika, Wasweden wakapokonywa dhahabu. Ikaenda kwa nani? Kwa Wafaransa! Hapo mimi na wewe lugha moja.

Lakini Helsinki, 1952, sheria ilikuwa imelegezwa. Persson akarudi na cheo chake kile kile, timu yake ikashinda tena. Michezo hiyo hiyo, d'Oriola, miaka 32, akiwa juu ya farasi aitwaye Ali Baba, aliingia kwenye kuruka vizuizi. Watu watano wakafungana, wakarudia, akawashinda wote. Mti wa kizuizi ukigongwa na kwato huanguka, hauulizi ukoo.

Tokyo 1964 ndiyo ninayoipenda zaidi. Ana miaka 44, siku ya mwisho ya mashindano, na Ufaransa nzima haijapata dhahabu hata moja. Akaipata yeye, juu ya Lutteur B. Ikabaki hiyo hiyo.

Sasa hilo la farasi. Mwaka 1966, kule Buenos Aires, alitwaa ubingwa wa dunia. Fainali za enzi hizo, wanne waliobaki walibadilishana farasi: kila mmoja alipanda wake, kisha wa wenzake. Huyu bwana alikuwa na miaka 46. Farasi wa wapinzani wake aliwanunua lini?

Mpaka leo hakuna mwingine mwenye dhahabu mbili za Olimpiki za kuruka vizuizi kwa mchezaji binafsi. Ukabaila wenyewe endelea kuupinga, sikukatazi. Mama yako anakusalimu, na anauliza utakuja lini.

Baba yako