Dada, msimpeleke mzee kwa mganga kabla ya kukagua dawa anazokunywa

Dada, simama hapo hapo. Unasema baba ana miaka 66, wiki ya tatu sasa anadai majirani wanataka kumuua kwa sumu, mmeambiwa ni skizofrenia, ule ugonjwa wa akili, na keshokutwa mnampeleka kwa mganga. Halafu unagusia kijuujuu kwamba anakunywa "dawa za kiuno". Hapo ndipo niliposhtuka.

Mama yangu aliumwa magoti. Muuzaji wa duka la dawa mtaani akampa vidonge kwenye kibahasha, jina hakuna, kimeandikwa 4x3 tu. Siku ya tatu akatupa fimbo, tukamshukuru Mungu. Wiki ya pili usingizi ukakatika. Mara akaanza kusema mke wangu anamtilia kitu kwenye uji. Kila asubuhi anaumwaga mlangoni, anakaa kuangalia kama kuku watakufa.

Tulizunguka wiki tano kwa waganga na kwenye maombi. Mke wangu akaitwa mchawi mbele ya ukoo, akarudi kwao. Na muda wote huo mimi ndiye niliyekuwa nikimhesabia mama vile vidonge. Kibahasha kikiisha, nanunua kingine!

Nesi mmoja ndiye aliyeuliza: anakunywa dawa gani? Ilikuwa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, miligramu 60 kwa siku. Dawa hiyo ikizidi miligramu 40 kwa siku, hatari ya kuvuruga akili hupanda. Utafiti wa Boston, Marekani, kuhusu prednisoni, dawa pacha yake, ulishaonyesha hivyo mwaka 1972. Nilipomfuata yule muuzaji akanijibu, "Mbona magoti yalipona?" Mpaka leo damu inanichemka. Anauza dawa kama karanga, nyumba za watu zinavunjika.

Kusanya kila anachokunywa, mitishamba pia, tia mfukoni, mpeleke hospitali na mfuko huo. Usimkatishe mwenyewe ghafla: mwili ukizoea prednisoloni huacha kutengeneza homoni yake, na kukatisha kunaweza kumuua. Daktari ndiye hupunguza, kidogo kidogo. Wampime pia mkojo, damu, tezi ya shingo na vitamini B12. Maambukizi ya mkojo tu humchanganya mzee, na visababishi vingine vipo: isoniazidi, dawa ya TB, mirungi, sonona kali. Skizofrenia kwa kawaida huanza ujanani. Mzee aliyebadilika ndani ya wiki tatu, tafuteni kwanza mwilini.

Mama alirudi kuwa mama, uji anakunywa. Mke wangu nilimfuata mara tatu ndipo akakubali kurudi.

Kibahasha cha baba kimeandikwaje? Kipige picha ukiweke hapa usiku huu huu.