Picha "iliyocheza" ya fundi saa, Mtaa wa Kongo

Mkuu, umeuliza picha ya mtaani inapigwaje hadi umati uonekane kama moshi huku mtu mmoja katikati katulia tuli, na kama stendi ya kamera ni lazima. Ninayo moja ya hivyo. Niliipata kwa bahati, tena nikakaa nayo karibu miaka 17 bila kujua.

Desemba 2004 nilikuwa najifunza kazi kwenye studio ya picha Kariakoo. Jioni nikipata upenyo natoka na Pentax K1000 ya bosi. Siku hiyo Mtaa wa Kongo hapatoshi, watu na mabegi ya sikukuu. Lenzi nilikuwa nimeiacha kwenye 16 tangu mchana, yaani tundu lake la mwanga ni dogo, mkanda wa picha ni ASA 100, unaotaka mwanga mwingi, jua limeshajificha nyuma ya maghorofa. Sindano ya kupimia mwanga haikukaa katikati mpaka nilipofika spidi ya 8, yaani sehemu moja ya nane ya sekunde. Mwenye akili angepanua tundu la lenzi. Mimi nikaegemeza kamera kwenye nguzo ya baraza, nikabana pumzi, nikabonyeza. Mkanda ulipooshwa bosi akaitupia jicho mara moja tu: "Imecheza hii, usipoteze karatasi," yaani imetikisika, haifai kusafishwa.

Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 nikaingia uvunguni kutafuta negativu zangu. Nilichotaka ni picha za paa la soko alilobuni msanifu Beda Amuli, ile miavuli ya zege. Nikazipata, na kusema kweli hazina maajabu. Ila mkanda huohuo, namba 22, kuna mzee fundi saa.

Kwa spidi ndogo ile, watu wote waliokuwa wakitembea ni michirizi. Yeye kainama mezani, kioo kimebanwa jichoni, kibano mkononi, na pembeni kaifudikiza glasi ya chai juu ya mashine ya saa isiingie vumbi. Mbele yake kuna mteja wa ajabu: miguu iko wazi hadi kamba za ndala unaziona, kuanzia kiunoni kwenda juu ni moshi. Nadhani alisimama palepale huku anageuka geuka kulinda pochi. Desemba Kariakoo, nani asingegeuka?

Kwa hiyo stendi si lazima, nguzo inatosha. Kubwa ni kumtafuta mtu ambaye kazi yake yenyewe inamzuia asitikisike. Fundi viatu hafai, mkono wake hautulii. Ukimwomba mtu asimame kama sanamu utaona tu, shingo inakakamaa. Kwa simu, tafuta programu inayokuruhusu kuchagua spidi, anza na hiyo moja ya nane. Ukishapiga jitambulishe, muonyeshe. Mimi sikufanya hivyo, na niliporudi pale nikakuta kibanda cha makava ya simu.

Kama una negativu zako za zamani, usikimbilie kulipia skana. Washa tableti iwe nyeupe tupu, inyanyue negativu kidogo juu ya kioo ili vidoti vya skrini visionekane, piga kwa simu, kisha geuza rangi.

Umeuliza pia upige saa ngapi hasa. Nilijaribu kuzisoma saa zilizoning'inia nyuma ya mzee. Moja inasema saa nne, nyingine saa tisa na robo, ya tatu haina mshale. Wewe nenda jua likizama.