Haoni Ubaoni? Usikimbilie Kumhamisha

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya kijijini: "Shikamoo mwalimu. Nina mtoto mwenye ualbino darasa la nne, haoni ubaoni, na darasa lina watoto zaidi ya 90. Mwalimu mkuu anataka ahamishiwe shule maalumu. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Usimhamishe kwanza.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, kwenye kikao cha walimu. Darasani kwangu nilikuwa na binti mwenye ualbino, ukimsimulia jambo halimtoki, lakini madaftari yake yalikuwa nusu tupu. Mwenzetu mmoja akasema huyu anatushushia wastani wa shule. Wastani! Hakuna aliyemjibu, na mpaka leo ule ukimya unaniuma kuliko maneno yenyewe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010 na inampa mtoto huyu haki ya kusoma shule ya kawaida, lakini siku ile niliitetea peke yangu.

Elewa macho yake kabla ya kitu kingine. Ualbino si ngozi tu. Rangi inayokosekana kwenye ngozi inakosekana na ndani ya jicho, ndiyo maana mwanga unamuumiza, macho yanachezacheza, na hata akipata miwani bado haoni sawasawa. Walimu wengi wakishamweka dawati la mbele wanaona yameisha. Binti yangu alikuwa mbele, ila jua la saa nne lilikuwa likimpiga usoni kutoka dirishani, na ubao wenyewe umechakaa mpaka chaki haikolei. Nikamhamishia upande wa ukutani, dirisha likabaki nyuma yake. Nikamruhusu kuvaa kofia darasani. Mwalimu wa zamu alipomvua, nilimfuata nikamweleza.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kusema kila ninachoandika. Si "hii jumlisha hii". Nilikuwa nasema: "Andika thelathini na sita. Chini yake andika arobaini na nane, nane ikae chini ya sita, nne chini ya tatu." Polepole, chaki na mdomo vikienda pamoja. Asichokipata anainuka anasogea mpaka ubaoni, na hakuna wa kumcheka. Watoto wa nyuma kabisa, waliozoea kunakili wasichokielewa, nao wakaanza kunyoosha mikono.

Majaribio yake niliyaandika kwa maka peni nyuma ya kalenda za zamani. Mistari ya daftari niliikoleza kwa kalamu nyeusi. Basi. Mwaka huu ameingia kidato cha kwanza, na matokeo yake yaliupandisha huo wastani. Nayasema haya kwa kujivunia, kwa sababu nimeyafanyia kazi.

Walimu wenzangu, tuache kusubiri vifaa ndipo tufundishe. Kusema unachoandika hakuhitaji bajeti wala semina. Sema unachoandika hata kama unadhani darasani wote wanaona, maana wenye uoni hafifu wengi hawajitambui. Wanadhani kila mtu anaona ukungu kama wao. Mtoto kiziwi ni habari nyingine. Yeye anahitaji lugha ya alama na wenzake wa kuongea nao, na mzazi anayempeleka shule yenye kitengo chenye walimu wanaoijua simlaumu hata kidogo. Lakini huyu wako anasikia vizuri kabisa. Msemeshe.

Na hili lifanye mapema: wakati wa kusajili watahiniwa wa upimaji wa darasa la nne, hakikisha uoni wake hafifu umejazwa. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maandishi makubwa na watahiniwa wa aina hii huongezewa muda, ila lazima taarifa zao ziwe zimefika. Muulize mwalimu mkuu wiki hii hii, na siku ya kujaza uwepo.