Mti wa mepo chunguni: nikate wapi?

SWALI: Assalaam alaykum. Ndugu yangu aliyeko Uingereza aliniletea mbegu za mepo (maple) wa Kijapani, nikazilaza miezi mitatu katika mchanga wenye unyevu ndani ya jokofu, na mche mmoja tu ndio uliosalimika. Sasa una matawi marefu yasiyo na umbo. Nataka uwe bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni unaotengenezwa umbo kwa kukatwa. Nikate wapi, na lini? Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Wa alaykum salaam. Majani ya mepo hutoka mawili mawili, yakitazamana kwenye kila kifundo, na hilo ndilo linaloongoza mkasi. Liache chipukizi lirefuke hadi jozi tatu au nne za majani, kisha likate juu kidogo ya jozi ya kwanza, nawe utaona macho (vichipukizi vilivyolala) yaliyomo makwapani mwa majani hayo yakitoa vijitawi viwili vyenye pingili fupi zaidi. Vikitoka vitatu au zaidi mahali pamoja, bakisha viwili mapema, kwani vikiachwa hufanya nundu isiyoondoka bila kovu.

Waya wa aluminiamu uzungushie tawi kwa mshazari, na ukague kila wiki, maana ganda la mepo ni jembamba. Ukianza kuuma, ukate vipande vipande badala ya kuufungua kwa kuuzungusha.

Kuhusu wakati, hapo ndipo penye uzito. Kule Japani matawi makubwa hukatwa baada ya majani kupukutika, mti ukiwa umelala kwa baridi. Mti huu huhitaji wiki kadhaa za baridi ya chini ya takriban nyuzi 7, na kipupwe chetu, kivume kitakavyo, hakifiki huko. Mti usiolala hudhoofika mwaka hadi mwaka, na sitakuficha kwamba huenda wako usidumu. Kwa hiyo kata tawi kubwa moja tu, mwezi wa Juni, masika yakishapita, wala usiupukutishe majani yote kwa mkono kama wafanyavyo mabingwa kwa miti yenye nguvu. Wakati wa kaskazi uweke penye jua la asubuhi pekee, mbali na upepo wa bahari.

Ningekuwa wewe, ningepanda na mkwaju pembeni. Ni mti wa kwetu, una vijani vidogo vinavyojifumba usiku, na huvumilia mkasi wa mwanafunzi. Tofauti ni kwamba majani yake hutoka kwa kupokezana, si kwa jozi, basi kata juu ya jani linaloelekea upande unaotaka tawi jipya liende.